Taa na Povu Katika Picha Moja

Baba yangu aliwazuia watu kupumua miaka yote ya kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyemshitaki. Alikuwa mpiga eksirei wa hospitali. Alimsimamisha mgonjwa kifua wazi mbele ya bamba la baridi, akajificha nyuma ya ukuta wenye kidirisha, kisha akasema kwa sauti ile ile ya upole: vuta pumzi, shika, usipumue. Mashine ikanguruma kidogo. Haya, pumua. Mtaa mzima ulipita mbele ya bamba lile, huyu kwa kikohozi, yule kwa kuanguka na baiskeli, mwingine kwa kumeza kifungo cha shati, na ndiyo maana mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Usipumue. Wapo watu wazima wenye heshima zao ambao wakikutana naye sokoni hujaza mashavu hewa na kusimama wima, na yeye huwaacha wateseke kidogo kabla ya kuwaruhusu.

Mimi nina duka dogo la fotokopi na picha za pasipoti. Watu husema nimerithi kazi ya baba, yeye akipiga mifupa na mimi nikipiga ngozi iliyoifunika. Maneno hayo yanachekesha mara ya kwanza. Kisichonichekesha kabisa ni kwamba alipostaafu, Baba aliifanya kamera ya duka langu kuwa mali yake kila jua linapozama. Alikuja nikiwa nafunga, akaichukua, akairudisha asubuhi ikiwa bado imetegwa kwa ajili ya nyota. Mteja wangu wa kwanza akawa anatoka mweupe kama karatasi, macho hayapo, pua haipo. Mama mmoja aliyekuwa na haraka ya hati ya kusafiria aliniuliza kama nimempiga picha yeye au mzimu wake.

Nyota zilimwingiaje mtu wa mifupa? Hapo inabidi nirudi nyuma, kabla sijazaliwa, na sifichi kwamba napenda kukaa huko nyuma kuliko huku mbele. Hospitali ya wakati ule ilikuwa na ngazi za saruji upande wa uani. Ukizishuka, mlango wa kushoto ulikuwa wa chumba cha giza, wa kulia ulikuwa wa chumba cha kufulia. Kushoto, Baba alizamisha filamu kwenye matangi ya dawa chini ya taa nyekundu, kwa kuwa mwanga mwingine wowote ungeziunguza. Kulia, Mama alifua mashuka ya wodi zote, mikono ikiwa ndani ya povu hadi viwikoni. Mama anasema kitu cha kwanza alichokiona kwa Baba ni vidole. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vyake, na yeye akajiuliza huyu mwanamume anafua nini humo gizani ambacho hataki watu wakione.

Umeme ulikuwa ukikatika, na mara nyingi ulikatika jioni. Mashine za kufulia zilinyamaza, eksirei ikanyamaza, na wote waliokuwa chini wakapanda kukaa kwenye ngazi kusubiri. Baba alikuwa na darubini ya macho mawili aliyoachiwa na kaka yake, na kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kumtazama Mama, alitazama juu. Miezi ile Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo, alikuwa amejinyoosha angani mzima mzima, na kifuani mwake kuna nyota nyekundu ambayo hata asiyejua nyota huiona. Mama aliomba darubini, akaangalia, akasema, ile si nyota, ile ni taa ya chumba chako umesahau kuizima. Kando ya nyota hiyo akaona kidoa cheupe, laini, kisicho na ukingo. Siku hizi najua kwamba kidoa kile ni kishada cha maelfu ya nyota zilizosongamana mbali mno. Baba hakulijua hilo wakati huo. Alimwambia tu kwamba hilo ni povu lake, limeruka kutoka kwenye kiwiko likaganda.

Basi ikawa hivyo. Baba akawa Taa, Mama akawa Povu. Walioana, wakahamia kwenye nyumba ile yenye ua wa nyuma na bomba linalodondoka, wakatuzaa, na majina yale yakabaki kuwa ya ndani, hayakutumika mbele ya wageni. Sisi watoto tuliyasikia walipokuwa wamegombana. Mmoja alikuwa anatoka uani kimyakimya, anasimama. Baada ya muda mwingine anamfuata. Tulikaa chumbani tumetega masikio mpaka tumsikie mmoja wao akiuliza, "Wapo?" na mwenzake akijibu, "Wapo." Hapo tulijua ugomvi umekwisha na tungeweza kuomba ruhusa ya jambo lolote tulilokuwa tumelikalia. Hata miezi ambayo Nge hayuko juu jioni, hata mawingu yakiwa yamefunga mbingu nzima, jibu lilikuwa wapo.

Kisha Mama akaanza kugonga vitu. Kwanza tulimcheka, na yeye akajicheka pia. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita maisha yake yote, akamwaga chai iliyokuwa kando ya mkono wake, akampita shoga yake wa tangu utotoni bila salamu na kununiwa kwa wiki nzima. Daktari wa macho alipompima alisema ni presha ya macho. Alieleza kwamba macho yake yanafungwa kuanzia pembeni, polepole, kama mtu anayevuta pazia kutoka kila upande, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Matone yangesaidia kuilinda sehemu ya katikati iliyobaki. Itabaki kwa muda gani, daktari hakuahidi. Baba, ambaye alikuwa amekaa na madaktari vya kutosha kujua wanaponyamaza wananyamazia nini, hakuuliza tena.

Darubini ile kubwa alikuwa nayo tayari. Aliinunua alipostaafu kwa mwalimu wa sayansi aliyekuwa anahama, na siku ilipoletwa tulidhani ni tangi la maji ya moto, kwa maana ni pipa fupi, nene, lililo wazi upande mmoja. Chini kabisa ndani yake kuna kioo kilichobonyea. Hiyo ndiyo darubini ya Newton, isiyo na lenzi kubwa mbele, inayokusanya mwanga kwa kioo na kuurusha ubavuni ambako kamera hukaa. Na yake ilikuwa ya aina wanayoiita ya kasi. Kioo chake kimebonyea sana, pipa lake ni fupi, na picha ambayo darubini nyingine ingeikusanya kwa kusuasua, hii huimaliza upesi. Kwa mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa washike pumzi, upesi ni jambo la heshima.

Alinijia dukani siku moja mchana, saa ambayo huwa haji. Nilikuwa nabishana na kijana mmoja aliyetaka nimpunguze mashavu kwenye picha. Baba alisubiri mpaka tukabaki wawili.

"Nataka mama yako awaone Taa na Povu kwenye picha moja," aliniambia. "Mbinguni hawaoni tena. Nimemuuliza juzi wapo, akasema wapo, lakini alikuwa anatazama upande wa tangi la jirani."

Nikampa kamera kabla hajaiomba, na tangu siku ile sikulalamika tena juu ya wateja waliotoka kama mizimu, au nililalamika kwa sauti ya chini.

Picha ya kwanza ilitoka jioni ileile giza lilipoingia. Stendi yake ina mota inayoifuata mbingu ikizunguka, kwa hiyo katikati ya picha nyota zilikuwa vitone safi, vya kupendeza. Lakini Taa alikuwa ukingo wa kulia na Povu ukingo wa kushoto, kwa sababu wako mbali kiasi hicho, na picha iliwatosha kwa taabu. Na huko pembeni kila nyota ilikuwa na mkia. Taa alikuwa ameburuta mwanga wake kuelekea nje. Povu, mwenye nyota ndogo ndogo maelfu, alikuwa amechanwa kama nywele, naye akielekea nje upande wake. Ungedhani upepo unavuma kutoka katikati ya picha na kuwasukuma watengane.

Baba aliitazama kwenye kompyuta yangu kwa muda mrefu, akasema picha hii ingemfukuzisha kazi.

Kasoro hiyo ina jina. Watu wa nyota huiita koma, na ndiyo bei ya darubini za kasi: kadiri kioo kinavyobonyea ndivyo mikia inavyokuwa mirefu kwenye kingo. Dawa yake ni lenzi ndogo inayovaliwa mbele ya kamera, lenzi ya kurekebisha koma. Nyumbani hatukuwa na subira ya jina refu hivyo. Tuliiita Kikatamikia, na kwa miezi kadhaa hatukuzungumza kingine mezani.

Mimi nilitoa ushauri wangu wa kitaalamu, kwamba akate kingo za picha kama ninavyokata mabega ya watu. Akaniuliza, nikikata kingo, nani anabaki? Kinyozi wa mtaa wa pili, mgonjwa mwenzake wa nyota, alishauri apige picha mbili, Taa katikati ya moja na Povu katikati ya nyingine, halafu mimi, binti yake mwenye kompyuta, niziunganishe. Baba alikataa kwa ukali ambao kinyozi hakuutarajia. Alisema watu hawa hawakuunganishwa na gundi. Walionekana pamoja, kwa tazamo moja, na watapigwa pamoja.

Huyu kinyozi ndiye aliyemwazima Kikatamikia cha kwanza. Kilikuwa cha vioo vinne, kizito, kimeviringishwa kwenye taulo la saluni. Nilikuwepo uani Baba alipokijaribu, na picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera alipiga mluzi. Hakuna mkia popote, kona zote nne ni vitone. Halafu akaacha kupiga mluzi. Lenzi ile inakuza picha kidogo kama sehemu ya kazi yake, na kwa wengine huo ni uzuri. Kwetu ilimaanisha eneo limepungua. Taa aliingia, Povu akakatwa nusu na ukingo. Baba akaizungusha kamera awaweke kona kwa kona, na bado Povu akatoka na kipande kimekosekana. Kinyozi alisema kipande hicho hakitaonekana na mtu. Baba alimshukuru, akakirudisha kikiwa ndani ya taulo lake.

Cha pili alikipata kwa mwenzao mwingine kwenye kikundi cha simu cha wapenda nyota, jamaa tusiyewahi kumwona uso, anayejiita Mpanda Paa. Hiki kilikuwa chepesi, vioo viwili tu, hakikuzi na hakipunguzi. Mikia ilikatika. Taa na Povu wote wakawa ndani ya fremu, wazima. Mimi nilifurahi nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja waya. Baba alikuwa ameinama juu ya kompyuta akiikuza picha sehemu ya katikati, na nikaona mabega yake yameshuka. Lenzi ile ilikuwa imetengeneza kingo kwa kuchukua kidogo ukali wa katikati. Nyota za katikati zilikuwa zimevimba, zimelainika, kama zimepigwa na ukungu.

Nilimwambia wazi kwamba anatafuta makosa. Katikati ya picha ile hakukuwa na Taa wala Povu, kulikuwa na nyota tu zisizo na habari na sisi. Tulizozana pale, yeye akisema filamu yenye ukungu ni filamu inayoficha ufa, mimi nikisema huku si wodini. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake, amegeuza uso kutufuata kwa sauti. Akamuuliza Baba tofauti ni ipi, naye akamweleza kwa utulivu kuliko alivyonieleza mimi: hii inaponya pembeni, inaumiza katikati.

"Basi usiiharibu katikati," Mama alisema. "Mimi siku hizi nimebaki na katikati tu."

Alisema kama mtu anayesema chai imepoa. Baba akaitoa lenzi ya Mpanda Paa palepale, akaifunika. Nilidhani sote wawili tumemsikia. Baadaye nimegundua kwamba Baba alisikia jibu kuhusu lenzi, na mimi nilisikia mama yangu akitania, na hakuna kati yetu aliyesikia alichosema.

Kilibaki cha tatu, na hicho hakuna aliyekuwa nacho wa kuazima. Vioo vinne, hakikuzi, kinatunza katikati na kingo kwa pamoja. Kikundi kizima cha simu kiligawanyika juu yake. Kinyozi alisema ndicho chenyewe. Mpanda Paa alisema ni kiumbe cha madeko, kikikaa mbele au nyuma ya pale kinapotaka kwa unene wa ukucha tu, mikia inarudi kwa hasira. Baba alisoma kila neno kwenye simu yangu, miwani ikiwa puani, na mimi nikakiagiza kutoka mbali kwa jina la duka.

Kukingoja ndiko kulikotutesa. Nge hangoji mtu. Kila wiki giza lilipoingia tulimkuta ameshuka zaidi kuelekea magharibi, kuelekea ukuta wa jirani na lile tangi lake. Baba alianza kumchukia jirani kwa kosa la kuwa na maji. Na Mama alikuwa ameanza kuuliza nani ameingia chumbani, jambo ambalo zamani hakuhitaji kuliuliza. Siku kifurushi kilipofika nilifunga duka mchana wateja wakiwa kwenye foleni, na sijutii.

Mpanda Paa hakuwa amesema uongo. Kikatamikia kilikaa, na mikia haikuisha, ilipungua tu. Umbali kati yake na kamera ulikosea kidogo sana, na pete nyembamba za kujazia hatukuwa nazo. Nilisema tukate karatasi ngumu. Baba alisema karatasi inanywa unyevu. Akaingia chumbani, akavuta sanduku lake la chini ya kitanda, na nikajua anachokwenda kufanya kabla hajakifanya.

Humo ndani amehifadhi eksirei za familia nzima. Hospitali ilipoingia kwenye kompyuta, chumba cha giza kikageuzwa stoo ya viti vilivyovunjika, taa nyekundu ikang'olewa. Baba aliondoka na sanduku la taa la ukutani ambalo juu yake madaktari walikuwa wakisomea filamu, kwa kuwa lilikuwa linatupwa, na akaondoka na sisi. Goti la Mama limo. Kifua cha babu kimo. Mkono wangu uliovunjika nilipoanguka kwenye ngazi zilezile za hospitali nikiwacheza watu shere, umo. Aliuinua ule mkono kwenye mwanga, tukautazama wote. Nilikumbuka bamba la baridi, na harufu ya dawa kwenye koti lake, kali kama siki, ambayo tulipokuwa wadogo tuliamini ndiyo harufu ya baba wote duniani. Nilikumbuka alivyoniambia nishike pumzi huku sauti yake ikitetemeka, ile siku moja tu. Filamu ni nyembamba, ngumu, hainywi maji. Akachukua mkasi akakata pete kutoka kwenye ukingo mweusi wa filamu yangu, mbali na mfupa, akaipachika kati ya Kikatamikia na kamera.

Giza lilipokamilika tulipiga. Taa alikuwa juu kidogo ya tangi la jirani. Picha ilitokea, na hakukuwa na mkia wowote. Taa mwekundu kulia, duara lake limetimia. Povu kushoto, chembe kwa chembe, mzima, hajakatwa. Katikati safi. Baba hakupiga mluzi safari hii. Alisema tu kwamba asubuhi nikaichapishe, na akaniambia kwa ukubwa gani.

Alitaka kubwa. Alitaka ichapishwe kwenye plastiki angavu, ukubwa wa eksirei ya kifua. Nilikwenda kwa mtu wa mabango nikaipata. Jioni Baba akalitundika sanduku la taa sebuleni, akaliwasha, likapepesa kama lilivyokuwa likipepesa enzi zake, akaibana picha juu yake kwa vibanio vyake vya zamani. Sebule nzima ikawa na rangi ya ule ukumbi wa hospitali. Alivaa shati la kutokea. Akamshika Mama mkono, akamsimamisha mbele ya picha, karibu, pale ambapo madaktari walikuwa wakisimama, kisha akarudi nyuma.

Mama alitazama. Kichwa chake kilikwenda kulia, kikasimama, na akatabasamu. Amempata Taa. Kisha kikaanza kwenda kushoto, kikateremka, kikapanda, kikarudi. Kikapita palipo na Povu, kikarudi tena. Alikuwa kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye chumba chenye giza, na sisi tulikuwa kwenye mwanga tukimwona.

"Nzuri sana," alisema.

Mama hajui kudanganya, hajawahi kujua. Baba alikwenda akamwekea viganja mashavuni, akamgeuza taratibu mpaka macho yake yakaelekea kwa Povu. Akamwona. Akamtaja. Halafu akauliza, Taa kaenda wapi? Baba akamgeuza kulia. Akampata Taa, akampoteza Povu. Ile katikati aliyobaki nayo haikutosha kubeba wawili. Baba, aliyekuwa amepigania kila ukingo wa picha ile, alikuwa ametengeneza kingo kwa ajili ya mtu asiyekuwa na kingo. Nilimwona akilielewa. Alikaa kwenye kochi na shati lake zuri, akajitazama vidole, na nilipata uchungu ambao bado ninao nikiandika haya.

Nilichukua ufunguo wa duka nikatoka.

Kazi yangu mimi ni kupunguza. Mtu mzima mwenye mwili wake, shughuli zake na majigambo yake, mimi humtoa akiwa na ukubwa wa kutosha kwenye pochi. Niliipunguza mbingu ile mpaka saizi ya pasipoti, na kwa kuwa mashine yangu hutoa nne kwa pamoja, mbili nikachapisha za picha mpya, na mbili, sijui kwa nini, za ile ya kwanza yenye mikia. Nikazikata kwa kisu changu cha kila siku, nikazitia zile mpya alama ya kisu nyuma, nikarudi nyumbani mbio. Walikuwa wamekaa vilevile, sanduku la taa linawaka, hakuna anayelitazama.

Nilimpa Mama moja mkononi nikamwambia anyooshe mkono, aishike mbali kidogo. Akaisogeza, akaipeleka mbele, akaituliza. Kichwa chake hakikwenda kulia wala kushoto. Kilisimama. Baba alikuwa ameinuka bila kujua, amesimama wima nyuma yake, na mashavu yake hayakuwa na hewa ya utani.

"Wapo," Mama alisema. "Wote wawili. Haya Taa, pumua."

Baba akapumua. Akapumua tena, kwa sauti, na akaanza kucheka na kufuta macho. Ndipo alipoziona zile nyingine mezani. Akazichukua, akavaa miwani, akaziweka za mikia na zisizo na mikia pamoja. Hakuna tofauti. Kwa udogo ule, mikia yote ilikuwa imemezwa. Kinyozi na taulo lake, Mpanda Paa, kifurushi kutoka mbali, kifua cha Nge kikishuka nyuma ya tangi, vyote hivyo, na picha ya jioni ya kwanza kabisa ingetosha. Alimweleza Mama yote bila kuficha, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu mabaya.

Mama aliuliza ni ipi kati ya zile ndiyo aliyoihangaikia. Baba akaigeuza ile aliyokuwa ameishika Mama, akaona alama ya kisu changu nyuma, akamwambia ni hiyo mkononi mwake.

"Basi nakaa na hii," Mama alisema. "Ya mikia mpe kinyozi."

Hiyo ilikuwa zamani kidogo sasa. Darubini bado ipo uani imefunikwa turubai, na pete ya filamu yangu bado imo ndani yake. Pazia la Mama limevutwa mpaka mwisho. Matone yaliichelewesha safari, hayakuizuia. Anajua nyumba yote kwa mikono, hagongi tena fremu za milango, na watu wa mtaani huja kumsabahi wakitaja wao ni nani. Picha ile imo kwenye pochi yake, kona zimelegea, rangi imefifia upande wa Taa kwa kushikwashikwa. Nimemwambia mara nyingi nimchapishie mpya. Anakataa.

Jioni wanakaa mlangoni, yeye kwenye kigoda, Baba kwenye ngazi. Mama hufungua pochi, huitoa picha, hupitisha kidole gumba juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha humpa Baba.

"Wapo?" humuuliza.

Baba haiangalii. Humtazama yeye.

"Wapo," humjibu. "Na hawana mikia."